Maswali yenu: Kampuni na mauaji ya kimbari

Mfanyabiashara kazi yake kuuza. Mnunuzi akienda kuua, muuzaji ana kosa gani? (Msomaji, Mwanza)

Ana kosa kama alijua. Bruno Tesch wa Hamburg alikuwa na kampuni iliyopeleka Auschwitz, kambi ya Wanazi ya kuulia watu, Zyklon B, dawa ya kuulia wadudu. Machi 1946 mahakama ya kijeshi ya Waingereza ilitaka kujua jambo moja: je, alifahamu kwamba sumu ile inaulia watu? Alikana, hakuaminiwa, akanyongwa pamoja na msaidizi wake, Karl Weinbacher. Mshtakiwa wa tatu, fundi Joachim Drosihn, aliachiwa kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuzuia mauzo. Hukumu hiyo naikubali mpaka leo: ulijua, ungeweza kuzuia, ukaendelea kuuza.

Mahakama ya Arusha, ile ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, ilimhukumu mkubwa yeyote wa kampuni? (Msomaji, Moshi)

Ndiyo. Januari 2000 Alfred Musema, mkurugenzi wa kiwanda cha chai cha Gisovu, Rwanda, alifungwa maisha. Wafanyakazi wake walishiriki kuwaua Watutsi kule Bisesero, na yeye mwenyewe alikuwepo. Kiwanda chenyewe hakikushtakiwa. Mahakama ile ilihukumu watu tu.

Benki inapitisha hela za wateja. Itajuaje zinakwenda wapi? (Msomaji, Goma)

Mei 17, 1994, mauaji ya Rwanda yakiendelea, Umoja wa Mataifa ulipiga marufuku kuipelekea Rwanda silaha. Mwezi uliofuata silaha zilishushwa hapohapo kwenu Goma. Mwaka 2017 mashirika matatu yaliishtaki benki ya BNP Paribas huko Ufaransa, yakidai iliidhinisha malipo ya silaha hizo, zaidi ya dola milioni 1.3. Hayo ni madai, si hukumu. Ila Juni ile dunia nzima ilikuwa inasikia habari za Rwanda redioni, na sioni benki ingewezaje kusema haikusikia.

Basi sheria iko wazi? (Msomaji, Nairobi)

Haiko wazi, na inaniuma. Wasudani waliishtaki Talisman, kampuni ya mafuta ya Kanada, wakisema ndege za serikali zilitumia viwanja vyake kuwashambulia. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya New York ilisema kujua hakutoshi. Lazima kampuni iwe ilikusudia uhalifu wenyewe. Kampuni gani itakusudia hivyo? Yenyewe inataka mafuta. Majaji wale walirudi nyuma ya hukumu ya Tesch wa Hamburg.

Oktoba 2025, mjini humohumo, baraza la wazee wa mahakama liliamua BNP Paribas iwalipe Wasudani watatu dola zipatazo milioni 20 kwa kuihudumia serikali ya Omar al-Bashir, aliyekuwa rais wa Sudan. Safari hii kesi iliamuliwa kwa sheria ya Uswisi. Benki ikasema itakata rufaa.