Kupiga picha wadudu kwa karibu: mwanga kwanza, ukubwa baadaye

Anayeanza kupiga picha za wadudu huuliza kwanza ni lenzi gani itakayomkuza mdudu kuliko zote. Swali hilo humchelewesha. Picha nyingi za mwanzo haziharibiki kwa kuwa mdudu ametoka mdogo. Huharibika kwa kuwa macho yake yamo kwenye ukungu, au mwanga haukutosha. Na kadiri unavyokuza, ndivyo kasoro hizo mbili zinavyozidi.

Hesabu yenyewe ni hii. Kukuza kwa 1:1 maana yake mdudu wa milimita 10 hujichora kwa milimita 10 zilezile juu ya sensa ya kamera, sehemu inayopokea mwanga. Hapo, ukiweka tundu la lenzi f/8 (namba ikipanda, tundu hupungua), kwa kamera ya sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24, sehemu itakayoonekana kali ina unene wa milimita moja hivi. Ukifika 2:1, inabaki theluthi ya milimita. Pumzi yako peke yake hukusogeza zaidi ya hapo. Lakini ukishuka hadi 1:2, yaani nusu ya ukubwa halisi, unapata karibu milimita tatu, na milimita tatu zinatosha kumshika nzi kuanzia jicho hadi kifua. Kwa hiyo mwezi wa kwanza usivuke 1:2.

Tundu dogo huongeza unene wa sehemu kali, lakini usidhani utajiokoa kwa kulibana hadi f/22. Mwanga unaopita kwenye tundu dogo hutawanyika, na katika kupiga kwa karibu tundu hufanya kazi kama dogo kuliko namba iliyoandikwa: f/11 kwenye 1:1 ni kama f/22. Picha nzima hulainika, hata pale ulipolenga sawasawa. Kaa kati ya f/8 na f/11.

Kuhusu vifaa, lenzi maalumu ya kupiga kwa karibu, ya milimita 90 au 100, ni nzuri, ila si lazima uanze nayo. Pete za kurefusha, zile zinazokaa kati ya kamera na lenzi, hazina kioo ndani, hivyo hazina cha kuchafua picha. Gawanya urefu wa pete kwa urefu wa lenzi upate ukuzaji: pete ya milimita 36 nyuma ya lenzi ya milimita 50 hutoa 0.72 (1:1 ni 1, na 1:2 ni 0.5). Nunua zenye pini za umeme, kwa maana bila pini kamera nyingi haziwezi kuliendesha tundu la lenzi. Ubaya wake ni kwamba zinakulazimu kumsogelea sana mdudu. Mwenye lenzi ya kuvuta inayofika milimita 200 atafaidika zaidi na kioo cha kukuza kinachobanwa mbele ya lenzi, kama Raynox DCR-250: lenzi ikilenga mbali kabisa, mdudu hukaa sentimita 12 hivi kutoka kwenye kioo, ukuzaji ukiwa 0.8 kwa milimita 100 na 1.6 kwa milimita 200. Kwa simu, lenzi ya kubana inafanya kazi vizuri mchana. Vua kava, iweke katikati kabisa ya kamera kuu, kisha hakikisha simu haijajihamishia kamera nyingine yenyewe, maana simu nyingi hufanya hivyo unapokaribia kitu.

Mwanga ndio unaostahili muda wako mwingi. Jua la saa sita huacha vivuli vyeusi chini ya mdudu na doa jeupe mgongoni mwake. Tumia flashi hata mchana. Weka kamera kwenye M, yaani unapanga kila kitu mwenyewe: kasi 1/200 ya sekunde, f/8, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 200, na flashi kwa mkono kwenye 1/16 ya nguvu yake. Piga picha moja flashi ikiwa imezimwa, ukiwa kivulini: inatakiwa iwe karibu nyeusi. Ikiwa hivyo, basi mwanga wote wa picha yako utatoka kwenye flashi, na flashi yenye nguvu ndogo huwaka kwa muda mfupi mno hata mtikisiko wa mkono hauonekani. Hii ndiyo sababu wapigaji wengi wa wadudu hawabebi stendi. Picha ikitoka na giza, sogeza kwanza kichujio cha mwanga, kile kipande cheupe cha kulainisha mwanga wa flashi, karibu na mdudu kabla ya kupandisha nguvu, kwani kwenye 1/2 na kuendelea flashi huwaka kwa muda mrefu zaidi na huchelewa kujichaji.

Kichujio unaweza kukikata kutoka kwenye chupa nyeupe ya plastiki ya maziwa, ukaongeza ndani tabaka la karatasi ya kuokea. Epuka dumu la njano la mafuta ya kula. Litaipaka picha yote rangi yake. Kiwe kipana na kifike hadi juu ya mdomo wa lenzi. Kipime kwa mbawakavu mwenye mgongo unaong'aa: ukiona kitone kikali cheupe, kichujio ni kidogo au kiko mbali, ukiona utepe mpana uliofifia kingoni, umefaulu. Nyuma ya mdudu pakiwa peusi kama usiku, ni kwamba mwanga wa flashi haukufika huko. Tafuta pembe ambayo jani liko nyuma yake kwa sentimita chache.

Kulenga ni kazi ya mwili. Zima kulenga kwa otomatiki, weka pete ya kulengea ya lenzi kwenye ukuzaji unaoutaka, uiache hapo. Kisha egemea mbele taratibu na ubonyeze jicho linapokuwa kali. Mkono wa kushoto ushike bua la mmea kwa vidole viwili huku lenzi ikipumzika juu ya mkono huohuo, ili upepo ukivuma mdudu na kamera viende pamoja. Mpige kwa ubavu, sensa ikiwa sambamba na mwili wake, na milimita zako chache zitamfunika wote. Piga kumi, bakiza moja. Kuunganisha picha nyingi, kila moja ikiwa imelengwa sehemu tofauti ya mdudu, kwa programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker kunasaidia sana, ila subiri hadi picha moja moja zitoke kali.

Toka alfajiri. Wadudu hutegemea joto la nje, na kabla jua halijapanda huwa wazito, wenye umande, wakikuvumilia. Usianze na sisimizi maji moto wa kwenye mwembe. Hawatulii hata sekunde. Anza na viwavi, vidukari, au buibui warukaji wa ukutani, ambao hugeuka kukutazama kwa macho mawili makubwa ya mbele. Pembezoni mwa Ziwa Viktoria, upande wa Kenya na Uganda, yupo mmoja wa kuthaminiwa sana, Evarcha culicivora, mwenye milimita tano hivi, anayependelea kula mbu waliokwisha kunyonya damu. Kivuli chako kisimpite, na usiguse jani analokalia.

Usimtie mdudu kwenye friji ili atulie, wala usifumue kiota cha majani kwa ajili ya picha. Kabla ya kupiga goti, angalia chini kama kuna msafara wa siafu. Na msimu wa mvua, kijidudu chembamba chenye mistari myekundu na myeusi, Nairobi fly, akikutua mkononi, mpulize aondoke. Haumi, lakini akipondwa maji yake huunguza ngozi. Ikitokea, osha mara moja kwa sabuni, na usiguse macho kabla hujaosha.