Kabla Hujahamishia Betri Kwenye Buti

Wengi wanaoniuliza kuhusu kuhamishia betri nyuma hawana haja ya kuihamisha. Wamesikia kwamba ukitoa kilo kumi na tano puani mwa gari na kuziweka kwenye buti, gari litakata kona vizuri zaidi. Ni kweli, na kwa Subaru ni kweli zaidi, maana injini yake imekaa mbele ya ekseli ya mbele. Lakini kama unachotafuta ni wepesi tu, nunua betri ndogo, uifunge palepale ilipokuwa ile ya zamani, mchezo umeisha. Ila usiliache gari wiki nzima na alamu ikiwa imewashwa, maana betri ndogo huisha upesi.

Mimi nilihamisha ya Impreza yangu kwa sababu ya nafasi. Niliondoa intakula (kipoza hewa ya tabo) ya juu ya injini nikaweka kubwa mbele ya rejeta, na bomba la kurudisha hewa lilitaka kupita pale pale betri ilipokaa. Kama na wewe umefika hapo, endelea kusoma.

Kuiketisha betri nyuma si kazi ngumu. Pesa na akili zako zipeleke kwenye waya wa kuiunganisha na stata, ile mota inayoamsha injini. Stata ya injini ya petroli ya silinda nne huvuta takriban ampea 150 hadi 200, na mkupuo wa kwanza huwa mkubwa zaidi. Tuseme waya wako una urefu wa mita 5. Ukiwa wa milimita za mraba 16, kwa ampea 200 utapoteza zaidi ya volti moja njiani, na asubuhi ya baridi ya Limuru stata itakulalamikia. Ukiwa wa milimita 50, utapoteza kama volti 0.4. Mimi naweka 50. Ukishuka Kirinyaga Road, Nairobi, kuununua, beba kisu kidogo: kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba kwa juu, na kwa macho tu huwezi kuutofautisha na shaba tupu. Kwangua uzi mmoja. Ukiona weupe ndani, rudisha.

Halafu fyuzi. Hapa ndipo ninapogombana na mafundi. Mmoja aliniambia, "Mkubwa, stata haiwekewi fyuzi, hata kiwandani hawaweki." Hakukosea sana: magari mengi hutoka hivyo. Lakini waya wa kiwandani ni mfupi na unaishia humo humo chini ya boneti. Wako unapita chini ya zulia, kando ya reli za viti na ndani ya matundu ya bati, na ukichubuka mahali pamoja tu, betri nzima inajimwaga kwenye bodi na zulia linashika moto. BMW E46 ina betri kwenye buti tangu kiwandani, na walioitengeneza walijua hatari hiyo: kwenye kichwa cha chanya kuna kilipuzi kidogo kinachoukata waya wa stata gari likigongwa vibaya. Wewe kilipuzi huna, basi weka fyuzi ya ampea 250 ya aina isiyokatika haraka, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Ukiiweka mbele karibu na stata haikusaidii kitu, kwa sababu waya wote ulio kabla yake unabaki bila ulinzi. Kila tundu la bati livishwe raba, na ukishafunga viti, chungulia uone bolti hazijaukanyaga waya.

Upande wa hasi watu huupuuza. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, funga kwa bolti nene, pakaa grisi juu. Kisha nenda mbele ukaongeze waya mnene kati ya injini na bodi, maana umeme wote wa stata sasa unarudi kupitia bodi. Kuupima waya wa chanya ni rahisi: mguu mmoja wa mita kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye stata pale waya huo unapofungwa, mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, rudi kwenye viungo.

Sanduku la plastiki lenye mkanda wa kitambaa silikubali. Kanuni za FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) za magari ya mashindano zinadai bolti za milimita 10, na chini ya bati kibao cha chuma chenye unene wa milimita 3 chini ya kila bolti. Hata kama huendi Naivasha kushindana, iga hilo.

Betri ya kawaida ya gari, ya risasi na asidi, inapochajiwa hutoa haidrojeni, na hiyo ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kuwaka. Hata ile inayoitwa kavu ina kitundu cha kupumulia. Nunua ya AGM (ile ambayo asidi yake imenyonywa na nyuzi za kioo), au yenye mdomo wa kuchomeka mpira utakaotoka nje chini ya gari. Kwa Forester na magari mengine ambayo buti haijatengwa na abiria, sanduku lililozibwa na mpira huo ni lazima.

Ukiweka swichi ya kukata umeme, hakikisha inazima na injini pia. Ikikata betri peke yake, alteneta inaendelea kuilisha injini, na alteneta yenyewe inaweza kuungua.

Mwisho, acha ncha ya chanya yenye kifuniko chini ya boneti kwa siku utakayohitaji kuazima umeme. Na kama buti lako hufunguka kwa kitufe tu, tafuta njia ya kulifungua kwa ufunguo au kwa kamba kabla betri haijakufia humo ndani.