Fundi Cherehani na Kazi za Kukataa

Pita Manzese, Tandika au Mbagala, jijini Dar es Salaam, usome vibao vya mafundi: nguo za kike na za kiume, sare za shule, mapazia, suti, mashuka, tunashona aina zote. Kibao cha namna hiyo huwekwa kwa hofu ya kukosa mteja. Matokeo yake ni fundi anayekumbukwa kwa sababu moja tu, kwamba fremu yake iko karibu. Siku fremu nyingine ikifunguliwa karibu zaidi, wateja wanahama na hawaagi.

Wenyewe kwenye ushonaji tuna neno zuri, mkono. "Huyu ana mkono wa magauni." "Kanzu mpelekee yule, ndiyo mkono wake." Ukiujua mkono wako na kuulinda, biashara inapata sura. Tatizo ni kwamba wengi huutafuta mkono wao kwenye simu, kwa kuangalia nini kinatrendi, badala ya kuutafuta kwenye kazi zao wenyewe.

Utafute kwenye daftari. Kwa wiki nane andika kila nguo inayotoka: aina yake, saa ulizotumia kweli (za kufumua ziingie humo), pesa iliyobaki baada ya kutoa vifaa, na kama ilirudi kurekebishwa. Acha nafasi ya mwisho kwa swali dogo ambalo kila mteja mpya aulizwe: umeona nguo ya nani? Wiki nane zikiisha, piga hesabu. Tuseme suti ya kiume inakubakizia shilingi 64,000 lakini imekula saa 16. Hiyo ni 4,000 kwa saa. Gauni la kitenge linakubakizia 30,000 kwa saa 5, yaani 6,000 kwa saa. Kama suti hiyo ilirudi mara mbili kwa ajili ya bega, na haijaleta mteja hata mmoja, daftari limeshasema. Heshima ya kuitwa fundi suti hailipi kodi ya fremu.

Usije ukafuta kila kitu siku moja, maana kodi inaendelea. Acha aina moja ya kazi kila mwezi, ukianza na ile inayorudi sana. Kazi ndogo kama kubadili zipu na kupunguza urefu wa suruali ziwekee asubuhi moja ya wiki, zisikukatize katikati ya gauni.

Kukataa kuna adabu yake. "Dada, suti ya kiume siyo mkono wangu, nitakuharibia kitambaa. Ngoja nikuelekeze kwa fundi anayezijua." Mpe namba, au mtoto wa ofisini amsindikize. Ukikubali kwa aibu, kitambaa kinalala mwezi mzima kwenye mfuko, simu zinapigwa, unaanza kujificha. Hapo umepoteza mteja pamoja na shoga zake wote.

Kisha kuna picha. Mteja anafungua simu: gauni limebana kuanzia kifuani hadi magotini, chini limefunguka kama mkia wa samaki. Amekuja na kitenge. Mara nyingi kitambaa cha kwenye picha kinavutika, na kitenge cha pamba hakivutiki. Ukikata kwa kipimo cha mwili kilekile, gauni litapendeza akiwa amesimama, halafu litaachia kwenye mshono wa nyuma, chini ya zipu, mara tu atakapoketi ukumbini. Kwa kitenge, ongeza sentimita 2 hadi 3 juu ya kipimo cha kiuno na 4 hadi 5 kwenye hipsi. Hipsi uzipime tena mteja akiwa amekaa kwenye kiti, maana mwili ukikaa hutanuka. Mwambie mapema kwamba lake halitabana kama la kwenye picha, umwoneshe na sababu. Asipokubali, hiyo nayo ni kazi ya kukataa.

Halafu maji. Pamba hunywea ikifuliwa, na nguo ikinywea lawama ni zako hata kama kitambaa alikinunua mwenyewe Kariakoo. Kata kipande cha sentimita 20 kwa 20 pembeni mwa kitambaa, kifue, kikauke, kipige pasi, ukipime. Kikirudi na 19.4, kimepungua asilimia 3, na gauni la urefu wa sentimita 110 litapoteza zaidi ya sentimita 3. Basi loweka kitambaa chote kabla ya kukata. Baadhi ya wateja watanung'unika kwamba kinapoteza ile hali ya upya. Wanung'unike, ila wasirudi na gauni lililopanda juu ya goti.

Mambo ya mashine tuyapite haraka. Sindano namba 14 kwa kitenge, 11 kwa vitambaa vyepesi, 16 kwa jinzi. Urefu wa hatua moja ya mshono milimita 2.5. Satini inapotoboka au kuvuta nyuzi, badili sindano kwanza kabla hujaanza kulaumu cherehani.

Kwenye bei ndipo mafundi wengi hujikana wenyewe. Chukua matumizi ya mwezi, ukiwemo wewe mwenyewe. Kwa mfano: kodi ya fremu 150,000, umeme 40,000, taka na ulinzi 20,000, matengenezo ya mashine 30,000, na pesa ya wewe kuishi 600,000. Jumla 840,000. Ukifanya kazi siku 24 kwa saa 7 za kushona kweli, una saa 168. Gawanya, unapata 5,000. Kila saa inayopita inakugharimu 5,000, ushone usishone. Gauni la saa 5 ni 25,000. Ongeza bitana 8,000, zipu 1,000 na uzi 1,000, inakuwa 35,000. Ukitoza 40,000 unabaki na 5,000 ya faida na ya kufidia siku umeme ukikatika. Weka namba za mtaani kwako. Muhimu ni njia.

Mteja atasema jirani anashona kwa 20,000. Inawezekana kabisa. Jirani hajaweka bitana, ndani hajapiga overloki (mshono wa kuzuia kingo zisifumuke), au hajajihesabu yeye mwenyewe kwenye gharama. Usimseme jirani. Ligeuze gauni lililo tayari, nje liwe ndani, umpe mteja ashike mishono kwa mkono wake, aone bitana ilivyofungwa kwenye zipu bila uzi unaoning'inia. Huko ndani ndiko bei yako iliko, na ndiko picha za status ya WhatsApp zinapopaswa kupigwa, badala ya kuweka mishono ya watu wengine uliyoitoa Instagram. Ukitangaza kwa picha ya mwingine, mteja anakuja kudai mkono wa mwingine.

Ndugu na marafiki nao wana bei yao. Amua mapema: nguo mbili kwa mwezi ni zawadi, ziandikwe hivyo kwenye daftari. Ya tatu inalipiwa, hata ya shangazi. Pesa zote za kazi zipitie Lipa Namba ya biashara, au walau laini tofauti na ile unayotumia nyumbani, la sivyo kila mwisho wa mwezi utakuwa unakisia tu.

Lipo jambo ambalo mafundi hatulipendi kulizungumza: mabaki ya kitambaa. Mteja akileta kitenge, kipime mbele yake. Kipande cha yadi 6 kiwe karibu mita 5 na nusu, na kikipungua ajue palepale kwamba kimepungua dukani. Andika kipimo kwenye risiti, bana na kijipande kidogo cha kitambaa chake ili vitenge visichanganyike. Siku ya kuchukua nguo, mabaki yote yawe ndani ya mfuko wake, hata vipande vya kutengenezea kilemba. Akisema "baki nayo, fundi", sawa. Maneno ya kwamba mafundi wanaiba vitambaa yamewachosha hata mafundi waaminifu, na mfuko huo mdogo unayajibu kuliko kiapo chochote.

Tarehe sasa. "Kesho" ya fundi ni utani wa nchi nzima, na aliyeutengeneza ni fundi anayepokea kazi kwa kuangalia mifuko iliyopo badala ya kuhesabu saa. Ukiwa na saa 42 za kushona kwa wiki, na gauni ni saa 5, hesabu inasema magauni 8. Pokea 6. Saa zinazobaki ni za marekebisho, umeme na homa ya mtoto. Chora wiki kwenye karatasi ukutani, kila gauni na kisanduku chake. Visanduku vikijaa, mteja anayefuata anapewa wiki inayofuata, na anaiona mwenyewe ukutani. Advansi iwe nusu ya bei, na bila advansi kisanduku hakiandikwi jina.

Idi ina hesabu yake ya pekee, kwa sababu inafuata mwandamo wa mwezi. Anayeahidi "siku ya mwisho ya mfungo" hajui kama ni ya 29 au ya 30. Weka mwisho wa kukabidhi tarehe 25 Ramadhani, na ufunge kupokea kazi kabla mwezi haujafika katikati. Desemba pia funga mapema: Krismasi na Mwaka Mpya vinafuatwa na sare za shule za Januari, na kama sare siyo mkono wako, huu ndio mwezi utakaojaribiwa kuliko yote.

Kwa sare za harusi, dai mtu mmoja wa kamati mwenye kauli, vipimo vya kila mtu uvichukue mwenyewe, na mabadiliko ya mshono yakome siku unayoanza kukata. Vipimo vya kutumiwa kwa simu usivipokee. Mtu anayejipima kiuno huvuta tumbo.

Ukifika wakati wa kuajiri, mpe fundi mpya overloki, pindo na mishono iliyonyooka, wewe ubaki na mkasi, kwa sababu mkono wako uko kwenye ukataji kuliko penginepo. Ukimlipa kwa pisi, yaani kwa kila nguo anayomaliza, atakimbiza, kwa hiyo hesabu pisi iliyopita ukaguzi tu: zipu ipande na kushuka mara tatu bila kukwama, maua ya kitenge yakutane kwenye mshono wa nyuma, mabega yote mawili yalingane ukiyapima kwa futi, nyuzi zikatwe ndani na nje. Ukaguzi ufanyike kabla ya pasi. Pasi ya moto huficha makosa kwa siku moja tu, mpaka nguo ifuliwe.