Kabla Hujalipia Fomu ya Uzamili wa Saikolojia ya Elimu

Wiki iliyopita mwalimu mmoja kijana wa Manyoni aliniandikia: "Shikamoo madam. Nataka kusoma masta ya saikolojia ya shule. Chuo gani ni kizuri?" Swali hili nimeulizwa sana tangu nihitimu, na kusema kweli linanifurahisha. Nilipoomba ruhusa ya masomo, kuna walimu wenzangu waliangua kicheko ofisini: "Unaenda kusomea vichaa?" Hapa Dodoma ukitaja saikolojia tu, mtu anakutajia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Leo wakipata mtoto aliyewashinda, hao hao wananipigia simu. Napokea.

Mdogo wangu, jina la chuo liweke pembeni kwanza. Uliza hivi: nikikaa na mtoto mwenye shida, nani mzoefu atakuwa amekaa nasi akinitazama? Programu nyingi za kwetu ni masomo ya darasani, kisha tasnifu. Unaweza kuhitimu ukiwa umewameza Piaget na Vygotsky wote, hao wananadharia wa ukuaji wa mtoto, na hujawahi kuzungumza na mzazi hata mmoja anayelia.

Chuo nilichosoma kilitangaza mafunzo kwa vitendo. Tulipofika, vitendo vyenyewe vikawa kusambaza madodoso shuleni. Nilipohoji, mhadhiri akanijibu mbele ya darasa zima kwamba nimezoea kufundisha watoto, sasa nijifunze kuuliza kama mtu mzima. Miaka imepita, ila nikikumbuka masikio bado yanapata moto. Ikabidi nimtafute mwenyewe mnasihi mzoefu, nikamwomba nikae naye.

Huko ndiko nilikosoma. Siku moja tulikuwa na mtoto wa darasa la tatu kutoka Bahi, shuleni wanasema hana akili. Kipimo kilikuwa cha picha, ataje anachokiona. Akaonyeshwa mashine ya kuchomea mkate. Akaitazama, akaigeuza kadi, akasema kwa uhakika: "Redio ya bibi." Kwa mujibu wa kitabu, amekosa. Vipimo vingi tunavyotumia vilisanifiwa kwa watoto wa Marekani na Ulaya, na mtu asiyefundishwa kulitambua hilo atamwandikia mtoto wa watu ripoti itakayomfuata mpaka sekondari. Kwa hiyo uliza pia kama wanafundisha kurekebisha vipimo viendane na mazingira yetu. Wakikujibu kwa kukuzungusha, ondoka.

Upande wa ajira nitakuwa mkweli. Kwenye shule zetu za serikali kuna mwalimu wa unasihi, naye ana vipindi vyake kama wengine. Usitegemee kurudi na cheti ukute kiti cha mwanasaikolojia kinakusubiri halmashauri. Kama lengo ni kubaki kazini huku unasoma, Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa Dodoma. UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, nayo ipo tangu 2007, nenda idarani ana kwa ana, usiishie kwenye tovuti. Chochote utakachochagua, hakikisha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inaitambua programu yenyewe.

Wenye ndoto za Marekani, someni masharti kabla ya kuuza kiwanja. Chama chao cha wanasaikolojia wa shule, NASP, kinataka angalau krediti 60 na saa 1,200 za mafunzo kazini, 600 kati yake ndani ya shule, na leseni hutolewa na kila jimbo. England ni shahada ya uzamivu ya miaka mitatu. Uzamili wa mwaka mmoja wa huko hautakufanya mwanasaikolojia wa elimu, hata wakala akuapie.

Vijana wa siku hizi mnapenda vyeti kuliko kazi, nalisema hili kwa upendo. Mnauliza ada, mnauliza joho, hamuulizi msimamizi. Mtafute aliyemaliza karibuni, umuulize sura ya kwanza ya tasnifu yake ilirudi baada ya muda gani. Yangu ilikaa hadi mvua zikaisha, ikarudi na neno moja la penseli pembeni: "Panua."