Mstari wa 12 hauna hatia: maswali yenu ya programu

Shikamoo mwalimu. Programu yangu imegoma, naomba msaada. (Mbagala)

Marahaba. Imegoma kwa maneno gani? Wewe ni wa nne wiki hii. Nakili ujumbe wote wa kosa, usinitumie picha ya skrini inayong'aa taa ya dari.

Python, lugha ninayoandikia programu, inasema kosa liko mstari wa 12. Nimeusoma mpaka macho yanauma, ni mzima. (Sinza)

Ni mzima kweli. Tazama wa 11, huenda umefungua mabano hukuyafunga. Kompyuta haijui ulipokosea, inajua ilipokwama tu. Ni kama konda anayegundua pungufu ya nauli gari likiwa Magomeni, na aliyemkwepa alishashukia Manzese. Toleo la 3.10 la Python, lililotoka Oktoba 2021, lilipunguza adha hii: linakuonyesha bano lenyewe lililoachwa wazi, na ukiandika "jna" linakuuliza kama ulikusudia "jina". Lakini wengi wenu mnatumia matoleo ya kale mliyopeana kwa flashi, halafu mnalalamika. Na ujumbe ukiwa mrefu, anzia chini. Jina la kosa liko mstari wa mwisho.

Mfumo wa kusahihisha kazi chuoni umenipa 0 ilhali jibu ni sahihi! (Kimara)

Uliambiwa uchapishe 500, ukachapisha "Jumla ni 500"? Mifumo mingi ya aina hiyo hulinganisha herufi kwa herufi. Ila hapa walimu nao nawalaumu. Mfumo unaosema "umekosa" bila kuonyesha ulitarajia nini unahukumu tu, haufundishi. Mwanafunzi anabaki kuwasilisha mara thelathini kama anayebeti.

Nikiipa akili mnemba inirekebishie, kuna ubaya? (Tegeta)

Iombe ikueleze kosa, marekebisho andika mwenyewe. Siku ya usaili hutaingia nayo. Tena hukosea kwa kujiamini, kwa hiyo jaribu kila inachokwambia. Na hili hukuuliza: usibandike humo nywila wala funguo za mfumo wa malipo wa mwajiri wako. Nimeshaona kijana kabandika faili zima.

Hakuna kosa linalotokea, ila wastani unatoka bila desimali. (Mwenge)

Katika msimbo uliotuma umegawanya kwa mikwaju miwili (//), ambayo hutupa desimali, badala ya mmoja (/). Python inaruhusu, ndiyo maana imenyamaza. Ingia tovuti ya Python Tutor, ni bure, uone thamani zikibadilika hatua kwa hatua. Bando likiisha, karatasi na kalamu vinafanya kazi hiyohiyo.