Zamu ya usiku na mtoto wa miezi 5

Swali: Shikamoo mama. Nimepata leseni ya uuguzi mwaka huu na kazi katika hospitali moja mjini. Nina mtoto wa miezi 5. Nikitoka zamu ya usiku, kwa foleni nafika nyumbani saa nne asubuhi nimechoka hoi, na maziwa yanapungua. Niache kazi?
Mama Mchanga, Mbagala

Jibu: Marahaba mwanangu. Usiache. Nimefanya kazi wodini miaka 27, na mwanangu wa kwanza nilikuwa namnyonyesha huku nasinzia, kiatu kimoja bado kiko mguuni. Nakuelewa kabisa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mwone msimamizi wa wodi kabla hajapanga ratiba ya mwezi, maana ikishabandikwa ukutani kila mtu ameshapanga mambo yake. Mbagala huwezi kwenda na kurudi, kwa hiyo tumia muda huo kukamua. Kamulia kwenye chombo kilichochemshwa chenye mfuniko, uweke kwenye friji mara moja. Kwa joto hili la Dar usiyaache mezani. Matiti yakikaa usiku kucha bila kukamuliwa, maziwa lazima yapungue. Chuoni ulifundishwa, ila uchovu unasahaulisha.

Na baba yake? Hukumtaja hata kidogo. Kaa naye leo jioni, mpange nani atampokea mtoto akishanyonya asubuhi, ili ulale hata saa 5 mfululizo. Vyombo vikae kwenye beseni.