Taa Yetu Ilipasuliwa Mara Tatu

Dada mmoja wa Mwanza ameniandikia: vijana wa mtaani kwao wamepasua taa za njia ya zahanati, na wazee wanataka wachapwe hadharani. Anauliza sisi huku Mbagala tulifanyaje.

Dada yangu, sisi nasi tulianza na viboko. Aliyeshika fimbo ni mimi.

Taa yetu iko kwenye kivuko cha mfereji, tuliichangia nyumba kwa nyumba. Ilipopasuliwa mara ya pili, sisi wa ulinzi shirikishi tulikamata watoto wanne, nikawachapa mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, watu wanashangilia. Haikupita wiki mbili, ikapasuliwa tena. Alfajiri nikaokota manati chini ya nguzo: panda ya mpera, mpira wa tyubu ya baiskeli, na kipande cha ngozi kilichokatwa kwenye ulimi wa kiatu. Kiatu chenyewe nilikijua. Nilimnunulia mwanangu mimi mwenyewe, cha shule.

Mpaka leo nikilisimulia hili koo linakauka. Nimechapa watoto wa wenzangu, wangu amelala ndani.

Tulikaa nao kwa mwenyekiti, wazazi wote. Kumbe wote watano walikuwa wamemaliza darasa la saba. Mtihani Septemba, kidato cha kwanza Januari. Katikati hapo hakuna kengele wala daftari, na hakuna anayemuuliza mtoto katoka wapi. Taa zote tatu zilivunjwa katika miezi hiyo.

Wakazibua mfereji Jumamosi nne. Fundi umeme alipokuja, wao ndio walioshika ngazi, na mwanangu ndiye aliyempandishia taa. Huu mwaka wa pili inawaka. Najivunia, sifichi.

Wazazi wenzangu, mkabidhini mtoto kitu mkononi. Mjueni kwa jina kabla hamjamjua kwa kosa. Na fimbo ya hadharani iacheni. Kuharibu mali ni kosa, kifungu cha 326 cha Kanuni ya Adhabu kinasema hivyo, lakini aliye chini ya miaka 18 ana mahakama yake kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Mimi sikupewa fimbo na sheria yoyote. Wale wanne niliwaomba radhi mbele ya wazazi wao. Mmoja bado hanisalimii.

Darasa la saba wanamaliza tena Septemba hii. Ngazi nimeshaiomba kwa fundi.